Herufi 160 na Kiswahili cha ofisini: barua ya wazi kwa wanaotutumia meseji za umma

Kwa wakuu wa vitengo vya mawasiliano katika mamlaka za maji, umeme na afya, na katika halmashauri. Kwa mabenki na kampuni za simu. Kwa Mamlaka ya Serikali Mtandao. Na kwa mabaraza yetu ya lugha, BAKITA na BAKIZA.

Waheshimiwa,

Tunaanza na meseji. Si ya ofisi fulani. Tumeiunga kwa vipande ambavyo kila mwenye laini ya simu Tanzania amekwisha kuvisoma:

"Ndugu Mteja, Uongozi wa Mamlaka unapenda kukutaarifu kuwa kutakuwa na katizo la huduma ya maji kutokana na matengenezo ya miundombinu yatakayofanyika siku ya Jumamosi kuanzia saa 3 hadi saa 11. Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote utakaojitokeza."

Ukihesabu pamoja na nafasi na alama, hizo ni herufi 244. Meseji moja hubeba 160. Herufi 58 za mwanzo zimekwisha na msomaji hajaambiwa kitu, na ile ya 160 inaangukia ndani ya neno "Jumamosi". Mwenye simu janja anaona kwenye arifa "Ndugu Mteja, Uongozi wa Mamlaka unapenda", anajua ni tangazo, anaendelea na shughuli zake. Mwenye kitochi anashuka mstari baada ya mstari ndipo aifikie siku. Na akiifikia, ni Jumamosi ipi? Saa 3 asubuhi au saa 3 usiku? Maji yanakatika mtaa gani?

Sisi tunaowaandikia ni wahariri, wafasiri na watengenezaji wa programu, na kazi yetu ya kila siku ni Kiswahili cha kwenye kioo cha simu. Tunaomba jambo moja: meseji iandikwe kama meseji, isiwe barua iliyokatwakatwa.

Barua rasmi ya Kiswahili ina heshima yake, na hatuna ugomvi nayo. "YAH:" humwonyesha karani wa masjala faili la kuitia. "Tafadhali rejea mada tajwa hapo juu" humrudisha msomaji kwenye kichwa. Kumbukumbu namba, cheo, sahihi na muhuri huthibitisha nani amesema na kwa mamlaka gani. Kila kimoja kina kazi, na kazi hiyo imetokana na karatasi na faili. Kwenye simu hakuna masjala, na jina la mtumaji limekwisha kuonekana juu ya ujumbe. Kwa hiyo "Uongozi wa Mamlaka unapenda kukutaarifu kuwa" unarudia kwa maneno sita kitu ambacho simu imekisema yenyewe.

Si mara ya kwanza Kiswahili kubadili chombo. Enzi za simu ya maandishi posta ilitoza kwa neno, na lugha yetu ilinufaika: "Sitakuja" ni neno moja, "Nimekutumia" ni neno moja, ambapo Kiingereza kinahitaji mengi zaidi. Watu waliandika "Baba mgonjwa njoo haraka" bila salamu wala maamkizi, na hakuna aliyewahesabu wakosefu wa adabu, kwa kuwa kila mtu alikijua chombo. Meseji haihesabu maneno, inahesabu herufi, na hapo faida ile imegeuka. "Yatakayofanyika" ni neno moja, lakini limekula herufi 15.

Kipimo cha 160 kina historia yake. Mwaka 1985 mhandisi Mjerumani, Friedhelm Hillebrand, alipiga kwa taipureta sentensi na maswali ya kawaida, akahesabu herufi, akaona kwamba karibu zote zinatosha ndani ya 160. Kiswahili hakikuwa mezani siku hiyo, lakini kimeangukia pazuri. Meseji moja ni baiti 140 (baiti ni kipimo cha data, na kila moja ina biti 8), yaani biti 1,120. Jedwali la herufi la GSM, mfumo wa simu za mkononi, hutumia biti 7 kwa kila herufi, na 1,120 ukigawa kwa 7 unapata 160. Ujumbe ukizidi hapo mtambo unaugawa, na kila kipande kinatoa baiti 6 za kuunganishia, hivyo kinabaki na herufi 153. Jedwali hilo lina nafasi 128 tu, lakini Kiswahili sanifu chote kinaingia, kwa kuwa hatuna nukta wala mikwaju juu ya irabu. Anayeandika Kiarabu au Kiamhari hana nafuu hiyo: herufi zake hutumia biti 16, na meseji moja inamwachia 70.

Nafuu hii tunaipoteza kwa alama moja, ile ya ng'. Afisa anaandika tangazo kwenye programu ya kuandikia barua. Programu hiyo, kwa kutaka kupendeza, inageuza ritifaa iliyonyooka (') kuwa alama iliyopinda kama mkia wa koma. Alama iliyopinda haimo kwenye jedwali la GSM. Mtambo ukikutana nayo hauibadilishi hiyo peke yake. Unauhamisha ujumbe mzima kwenye mfumo wa biti 16. Kikomo kinashuka kutoka 160 hadi 70, na ujumbe mrefu unakatwa vipande vya herufi 67. Chang'ombe, Mang'ula, Nyang'hwale, Ng'ambo ya Unguja: kila tangazo lenye majina haya liko hatarini. Kuna mitambo isiyohamisha kitu bali huweka alama ya kuuliza, na mteja anasoma "Chang?ombe".

Hii hapa meseji yetu ya maji ikiandikwa upya:

"MAJI YATAKATIKA Chang'ombe Jumamosi 14 Juni, saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni. Sababu: bomba kuu linatengenezwa. Hifadhi maji ya siku moja."

Herufi 138. Zinabaki 22, zinazotosha namba ya simu ya huduma kwa wateja. Kwa ritifaa iliyonyooka ni kipande kimoja. Kwa iliyopinda ni vipande vitatu, maana viwili vya herufi 67 vinafika 134 na bado nne zimekosa pa kukaa. Mamlaka yenye wateja 100,000 italipia vipande 300,000 badala ya 100,000, kwa alama moja ambayo hata jicho haliioni. Kistari kirefu cha "saa 3–5", alama za nukuu zilizopinda na vikaragosi vya kucheka huleta hasara ileile. Mabano ya mraba na alama ya yuro haziuhamishi ujumbe, ila kila moja huhesabiwa kama herufi mbili.

Dawa haigharimu kitu. Tangazo liandikwe kwenye programu ya maandishi matupu, ile isiyo na wino mzito wala mlalo, ndipo linakiliwe kwenye mtambo wa kutuma. Kihesabu herufi kikiruka ghafla kutoka 160 hadi 70, usitume. Tafuta alama iliyopinda, ifute, uandike nyingine kwa kibodi. Lakini kumwachia afisa mmoja kazi hii kila siku si haki. Tunaiomba Mamlaka ya Serikali Mtandao na kampuni za simu ziweke kichujio langoni: ritifaa iliyopinda, nukuu zilizopinda na kistari kirefu vinyooshwe na mtambo wenyewe, na kabla ya kutuma mtumaji aonyeshwe idadi ya herufi, idadi ya vipande na gharama. Ni kazi ndogo kwa mtengeneza programu.

Sasa adabu, maana hapo ndipo maofisa wengi husita. "Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote utakaojitokeza", pamoja na nukta yake, ni herufi 50, karibu theluthi ya meseji. Tumeiondoa kwa makusudi. Mama mwenye ndoo mbili na watoto wanne anaheshimiwa kwa kuambiwa mapema, kwa kutajiwa saa na kwa kushauriwa ahifadhi maji ya siku moja. Msamaha uombwe pale kosa lilipotokea: maji yamekatika bila taarifa, au matengenezo yamepitiliza muda. Hapo "Tumechelewa, tusamehe" inatosha, ikifuatwa na saa mpya. "Ndugu Mteja" nayo ina herufi 11. Ikiwa mtambo unalijua jina la mtu, jina lake ni bora zaidi. Wala msijaribu kuchukua lugha ya vijana. "Xaxa", "cjui", "2po" na "mambo vp" ni uandishi wenye kanuni zake, uliozaliwa na vitufe vya simu na bei ya meseji, na kati ya marafiki hauna kasoro. Ofisi ikiandika hivyo inajifanya rafiki mahali ambapo mteja anataka mhudumu.

Tazameni pia vitenzi. "Kutakuwa na katizo la huduma ya maji kutokana na matengenezo ya miundombinu" ni rundo la nomino lisilo na mtendaji. "Maji yatakatika, bomba linatengenezwa" ndivyo watu wanavyosema bombani. Fupi zaidi, na wazi zaidi.

Saa inahitaji sheria ya peke yake. Kiswahili huhesabu saa kuanzia kuchomoza kwa jua; simu na mitambo huhesabu kuanzia usiku wa manane. Hifadhidata inasema 09:00, kiolezo, yaani ujumbe uliotayarishwa wenye nafasi za kujaza, kinachomeka namba hiyo baada ya neno "saa", na mgonjwa anasoma "Njoo kliniki saa 9:00". Wapo watakaofika asubuhi, na wapo watakaofika saa tisa alasiri kliniki ikiwa inafungwa. Hakuna aliyekosea kati yao. Kilichokosea ni kiolezo. Programu ipunguze 6 kwenye namba ya mtambo (au iongeze 6 kama namba ni 6 au chini yake), jibu likizidi 12 ipunguze 12, kisha iweke neno la wakati. Kwa kawaida saa 10 na 11 za kabla ya mapambazuko ni alfajiri. Saa 12 hadi saa 5 ni asubuhi. Saa 6 hadi saa 9 ni mchana, na hiyo saa 9 wengi huiita alasiri. Saa 10 hadi saa 12 ni jioni. Saa 1 hadi saa 9 zinazofuata ni usiku. Hivyo 09:00 iwe "saa 3 asubuhi" na 22:00 iwe "saa 4 usiku". Namba ya saa isitoke kamwe bila neno lake.

Usiku una mtego mwingine. Kwa hesabu ya pwani siku huanza jua likizama, na kwa wazee wengi "usiku wa Ijumaa" ndio usiku baada ya Alhamisi. Kijana wa Dodoma ataelewa kinyume. Umeme ukikatwa saa 6 usiku, andikeni "usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa". Ni maneno mengi, lakini hapa yana kazi.

Upatanisho wa sarufi huharibiwa na mashine kuliko na mwanadamu yeyote. Mtengeneza programu anaandika kiolezo kimoja, "[kitu] kimefutwa", halafu mashine inaleta "Picha kimefutwa" na "Ujumbe kimefutwa". Au anafuata mpangilio wa Kiingereza na kutupatia "3 siku". Lugha yetu ina ngeli: ombi 1 limepokelewa, maombi 12 yamepokelewa, dakika 1 iliyopita, dakika 5 zilizopita, mtu 1 amejibu, watu 5 wamejibu. Njia salama ni kuandika sentensi nzima kwa kila kitu, umoja na wingi, badala ya kuunganisha vipande. Ikishindikana, mfanyeni mtumaji kuwa mtendaji: "Tumefuta: picha 3", "Tumepokea: maombi 12". Hapo kitenzi kinapatana na "sisi", na nomino yoyote inaweza kufuata bila kuvunja sarufi. Mikataba na watengeneza programu idai jambo hili, na majaribio yafanywe kwa namba 0, 1, 2 na 15 kabla mfumo haujapokewa.

Ipo meseji moja tunayoisifu kila mara: ya LUKU, umeme wa kulipia kabla. Tokeni ina tarakimu 20, nazo huja kwa mafungu ya nne nne, kwa sababu mtu anazisoma kwenye simu huku akizibonyeza kwenye mita, pengine gizani. Aliyepanga hivyo alifikiria mkono na jicho la mtumiaji. Kumbukumbu namba ya malipo, ile ambayo mitaani huitwa kontroo namba, ina tarakimu 12, lakini mara nyingi hubanwa katikati ya aya na kufuatwa na nukta. Mteja akiinakili anachukua na nukta, mfumo unaikataa, naye anadhani bili ina kasoro. Namba na viungo vya tovuti vikae mwisho wa mstari, pasiwe na nukta nyuma yake.

Kwenye menyu za nyota na reli, kama ile ya *152*00#, ukurasa mmoja hubeba herufi 182 na muda unahesabiwa. Mtu akichelewa kusoma, anatupwa nje na kuanza upya. Kila chaguo lianze na kitenzi: Lipa, Angalia, Badili, Omba. Panapokuwa na machaguo zaidi ya sita, yale yanayotumika sana yatangulie. Na neno ambalo watu wamelizoea lisibadilishwe kwa kutafuta usanifu. "Toa pesa" imekwisha kukaa vinywani. Kuiita "Ondoa fedha" kunampotezea muda mtu aliyesimama mbele ya wakala.

Tunakuja kwenye picha za barua. Ofisi inaandika barua, inaipiga sahihi na muhuri, inaipiga picha, inaitupa kwenye makundi ya WhatsApp. Maandishi ni madogo, hayatafutiki, kisoma-skrini cha mtu asiyeona hakiambulii kitu, na bando la mtu linaliwa kwa habari ambayo ingetosha mistari mitatu. Muhuri unaoaminika kwenye karatasi hauna nguvu ileile kwenye picha, kwa kuwa yeyote mwenye simu anaweza kuukata kwenye barua ya zamani na kuubandika kwenye mpya. Barua ikiwa lazima itumwe, iambatane na maandishi yake kamili chini ya picha, na maandishi hayohayo yawe kwenye tovuti ya ofisi siku hiyohiyo, ili mtu mwenye shaka awe na pa kulinganisha.

Ujumbe unaosambazwa hufika ukiwa yatima. Tarehe yake imebaki kwa mtumaji wa kwanza. "Kesho ofisi zitafungwa" ukiingia kwenye kundi la familia baada ya siku nne, kesho ni ipi? "Hapa hospitalini" ni hospitali gani? Maneno leo, kesho, hapa na huku hutegemea waongeao kuwa mahali pamoja. Kwenye ujumbe wa kusambazwa hayana pa kushika. Wekeni siku, tarehe na mwaka. WhatsApp ilipunguza kusambaza hadi watu au makundi matano kwa mara moja Januari 2019, na Aprili 2020 ikaufanya ujumbe uliokwisha kusambazwa mno uende kwa mmoja mmoja. Kikomo hicho kinapunguza kasi tu. Tangazo la ajira lisilo na mwaka hurudi kila mwaka, na watu hutumia nauli kulifuata.

Matapeli wameusoma uandishi huu mpya kwa makini. "Ile hela tuma kwenye namba hii" ni sentensi ya maneno sita inayofanya kazi kwa sababu ya neno la kwanza. "Ile" hudokeza kwamba mtumaji na mpokeaji wanajuana na walikwisha kuzungumza. Akili ya msomaji inaanza kutafuta ni hela ipi, na kama kweli kuna mtu anamdai, anajaza mwenyewe jina la mtumaji asiyemjua. Sentensi hiyo haina salamu, haina jina, na ndiyo maana inaonekana kama meseji ya ndugu mwenye haraka. Ofisi haiwezi kushindana na hilo kwa urasmi, kwa kuwa urasmi nao huigwa. Inachoweza ni kutobadilika: jina lilelile la mtumaji, mpangilio uleule, istilahi zilezile, na kamwe kutoomba namba ya siri wala kumtaka mtu abonyeze kiungo ili "kuhakiki". Taasisi ambayo leo inatuma kwa jina lake, kesho kwa namba fupi na keshokutwa kwa namba ya kawaida inamfundisha mteja wake kumwamini yeyote.

Mjiandae pia kupokea. Mtu anayefungua mazungumzo na ofisi kwenye WhatsApp kwa kawaida huandika "Habari" au "Shikamoo", kisha hungoja aitikiwe, kama angefanya mlangoni. Mhudumu naye anangoja shida itajwe. Nusu siku inapita. Jibu la mashine liitikie mara moja na kuuliza: "Nzuri, karibu. Tuambie shida yako na namba ya mita yako." Wengi, hasa wazee na wasiosoma vizuri, watatuma sauti. Kukataa sauti ni kuwafungia mlango. Wekeni mtu wa kuzisikiliza. Na nyinyi mkituma sauti, isizidi dakika moja, ianze na jina la ofisi na tarehe, na namba yoyote isomwe mara mbili kwa mafungu.

BAKITA, mliopo kwa sheria tangu 1967, na BAKIZA, kazi yenu ya istilahi tunaitumia kila siku. Tunachokosa ni mwongozo mfupi wa uandishi wa simu, wa kurasa kumi hivi: saa na tarehe, ng' na jinsi ya kuichapa, ngeli katika violezo, na neno moja kwa kila kitu. Leo mtu huyohuyo, kwa huduma hiyohiyo, anakutana na "PIN" kwenye meseji, "namba ya siri" kwenye menyu, "neno la siri" kwenye bango na "nywila" kwenye tovuti, naye ana haki ya kudhani ni vitu vinne. Sisi tungependekeza "namba ya siri" kwa tarakimu na "nywila" kwa ile yenye herufi, lakini uamuzi ni wenu. Utolewe tu, na utolewe kwa maandishi yanayonakilika.

Hadi mwongozo huo utakapotoka, kila kitengo kinaweza kuanza Jumatatu. Kabla ya kutuma tangazo, mpeni simu mlinzi wa getini, mhudumu wa chai na mteja mmoja aliyeko foleni. Wasome mara moja, mchukue simu, mwaulize: nini kitatokea, wapi, lini, na wewe ufanye nini? Swali moja likikosa jibu kwa mtu mmoja, tangazo lirudi mezani.

Wenu katika kazi ya lugha,
Wahariri, wafasiri na watengenezaji wa programu za Kiswahili